Hesabu ya Mvua na Mkono wa Fundi

Jumatatu, 4 Machi
Mvua: milimita 3.

Kosa wanalolifanya wengi wanaoanzisha shajara ni kungoja jambo kubwa litokee ndipo waandike. Wanaandika harusi, misiba na safari, kisha daftari linalala miezi saba. Kwa miaka thelathini na sita niliwaambia wanafunzi wangu wa sayansi kwamba siku ambayo hakuna kilichotokea nayo ni kipimo. Sasa nimestaafu, binti yetu amenitumia daftari lenye jalada gumu, basi acha nifuate ushauri wangu mwenyewe. Jana nilifunga kipimamvua uani, mbali na paa. Kila asubuhi saa moja nitakisoma na kuandika, mpaka mvua za msimu huu zikatike.

Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama nikinyoosha nguzo kwa uzi wenye jiwe. "Mwalimu," akasema, "mvua itanyesha hata ukiikosea hesabu."

Yeye ni fundi cherehani. Mimi namwita Fundi, yeye ananiita Mwalimu; majina tuliyopewa na wazazi wetu hutumika hospitalini na kwenye vitambulisho tu. Chumba chetu cha mbele ni karakana yake: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na ukuta wenye misumari zaidi ya mia. Kila msumari una kamba moja, na kila kamba ni mteja mmoja. Fundi haandiki vipimo. Hupiga fundo begani, fundo kifuani, fundo kiunoni, fundo mwisho wa mkono, basi. Akishika kamba gizani anakwambia ni ya nani. Nimemsihi miaka yote atumie daftari. Hunijibu kwamba daftari halina vidole.

Jumanne, 5 Machi
Mvua: 0.

Jumatano, 6 Machi
Mvua: 11. Ndani ya kipimamvua alikuwamo mende. Nimemtoa kabla ya kusoma.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua: 4.

Alhamisi ni siku ya shemeji, mdogo wake Fundi. Nimempa jina la Redio, na analijua. Hana kitufe cha kuzima.

"Shemeji, umekonda. Dada hakupikii?"

"Nakula vizuri."

"Basi ni hilo daftari linakumaliza." Akamgeukia dada yake. "Na wewe mbona unanikonyeza?"

"Nikukonyeze wewe nina shida gani?" Fundi akacheka.

"Jicho la kulia, na shavu. Mara mbili tangu nikae hapa."

Nikamwambia anywe chai yake.

Jumatano, 13 Machi
Mvua: 16.

Fundi ameshona sare ya shule yenye mikono miwili ya kushoto. Mama wa mtoto aliirudisha akicheka, lakini mimi sikucheka. Nilimwambia mke wangu, mbele ya mteja, kwamba miaka arobaini kazini anashona kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alikaa akafumua mshono, uzi mmoja mmoja.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua: 9.

Asubuhi ameniuliza mara nne kama nimekula. Mara ya nne nilijibu kwa ukali.

Mchana nimepanga karakana yake upya. Nimebandika karatasi kila mahali: KULIA, KUSHOTO, MBELE, NYUMA. Kila kipande anachotaka kukata nakiandika kwa chaki kabla hajakigusa. Kazi imekwenda bila kosa hata moja, na nimejipongeza.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua: 22.

Nimeona kwa macho yangu. Fundi alikuwa anakata kola. Ghafla mkono wa kulia ukaruka kama umeguswa na umeme, shavu la upande huohuo likavutwa juu, mkasi ukaanguka. Sekunde mbili, labda tatu. Akainama, akaokota mkasi, akaendelea kukata.

"Umeona?" Redio akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Hilo ndilo konyezo langu."

"Nini?" Fundi akauliza. Hakujua kwamba kuna kilichotokea.

Kuanzia leo naongeza mstari chini ya mvua. Nitahesabu.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua: 6. Mkono: 5.

Jumamosi, 23 Machi
Mvua: 0. Mkono: 8.

Jumanne, 26 Machi
Mvua: 13. Mkono: 11.

Tumekwenda zahanati. Tabibu ni mtu mpole, alituita wazee wake. Alipima presha, akamtaka Fundi anyooshe mikono, kisha akamuuliza maswali ya kumbukumbu. Tuko mwezi gani? Fundi akanitazama. Nikachezesha midomo: Machi. Akasema Machi. Una watoto wangapi? Nikainua kidole kimoja juu ya goti. Akasema mmoja. Tabibu akaniuliza mimi analalaje, anakulaje, anafanyaje kazi. Nikajibu anakula vizuri na sare zote za wiki zimetoka safi. Ule mkono haukuruka hata mara moja tulipokuwa pale, nami nilisema tu kwamba "hushtuka kidogo".

Akasema ni uchovu na umri, apumzike, turudi tukiona mabadiliko. Tumerudi nyumbani tumefurahi.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua: 18. Mkono: 19.

Jumapili, 31 Machi
Mvua: 7. Mkono: 24. Amevaa kiatu kimoja kutwa nzima.

Jumanne, 2 Aprili
Mvua: 31. Mkono: 26.

Binti yetu amepiga simu. Aliongea na mama yake kwanza, kisha akataka kuongea na mimi.

"Baba, mama ameniuliza nasoma darasa la ngapi."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Baba, tukubali. Mama amezeeka. Funga karakana, nije nimchukue akae na mimi. Hiyo cherehani mpe mtu anayeanza maisha."

Nikamwambia uzee haufiki kwa mwezi mmoja. Nywele za mama yako zilichukua miaka kumi na tano kuwa nyeupe. Akili yake imewezaje kwenda tangu mvua zianze? Akasema, "Baba, unaongea kama upo darasani." Labda. Lakini ni swali zuri na hakulijibu.

Alhamisi, 4 Aprili
Mvua: 12. Mkono: 28.

Redio amekuja. Alikaa karakanani saa nzima bila kusema, jambo ambalo peke yake lingestahili kuandikwa. Alisoma karatasi zangu ukutani. Alinitazama nikiandika kwa chaki. Kisha akaniita uani, kando ya kipimamvua.

"Shemeji, mlipokwenda zahanati, nani alijibu maswali?"

"Dada yako."

"Alijibu mwenyewe?"

Nikainama kukitazama kipimamvua.

"Unampa majibu ya mtihani," akasema. "Wewe, uliyekuwa unawafukuza darasani watoto wa watu kwa kunong'onezana."

Nilikasirika sana. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Akachukua mwavuli wake akaondoka kwenye mvua.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua: 3. Mkono: 25.

Sikulala vizuri. Redio amesema kweli. Kwa wiki tatu sijamsaidia mke wangu. Nimeficha ugonjwa wake, kwanza kwa wateja, kisha kwa tabibu, na mwisho kwa nafsi yangu. Mwanafunzi anayenong'onezewa hufaulu siku hiyo, na mwalimu hajui kwamba hajui kitu.

Nimebandua karatasi zote. Sitaandika chaki tena. Atakachokosea, nitakiandika humu kama kilivyo.

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua: 20. Mkono: 33. Ameshika kamba ya mteja aliyemshonea kwa miaka ishirini, akapitisha vidole kwenye mafundo mara tatu, akaniuliza: "Nani kafunga huu uchafu?"

Nilitoka nje kidogo. Kisha nikarudi, nikaiandika saa: nne na dakika kumi asubuhi. Nimempigia Redio kuomba radhi. Alisema, "Nilikuwa nasubiri. Keshokutwa tutafute hospitali kubwa."

Jumatano, 10 Aprili
Mvua: 44. Mkono: 30. Barabara imekatika, magari hayapiti. Tutakwenda Ijumaa.

Ijumaa, 12 Aprili
Mvua: sikupima.

Tulikuwa mezani, saa tatu asubuhi, tumevaa tayari kwa safari. Redio alikuwa anamfunga dada yake kilemba. Mkono ukaruka, lakini safari hii haukutulia. Mwili mzima ukakakamaa, macho yakapanda juu, kisha akaanza kutikisika. Redio alimlaza chini kwa ubavu, akasogeza viti, akaniambia nitazame saa. Hakupiga kelele hata kidogo. Mimi, mtu wa vipimo, nilitazama saa na sikuona kitu. Yeye ndiye aliyehesabu: dakika mbili na nusu.

Jirani mwenye gari alitufikisha hospitali kubwa. Fundi alikuwa amezinduka lakini hanijui. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Daktari wa ubongo ni mwanamke wa rika la binti yetu. Akaanza maswali yake.

"Mama, tuko mwezi gani?"

Fundi akageuka kunitazama. Nilikunja midomo yangu, nikatazama sakafu. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko kipindi cha mwisho cha Ijumaa.

"Ni... mwezi wa baridi?" Fundi akasema. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

Daktari akaandika. Alipomaliza nikamwambia: "Daktari, zahanati walimuuliza swali hilo wiki mbili zilizopita. Nilimnong'oneza. Tabibu yule hana kosa, kosa ni langu." Nikampa daftari hili.

Nilidhani ataangalia ukurasa mmoja kwa adabu tu. Alivuta kiti, akasoma yote, tangu mende. Akarudi nyuma, akaweka kidole kwenye konyezo la tarehe 7 Machi, kisha kwenye hesabu. Tano, nane, kumi na moja, kumi na tisa, ishirini na nne.

"Mkono na uso, upande mmoja, sekunde mbili tatu, mara nyingi kwa siku?"

"Ndiyo."

"Mzee, usahaulifu wa uzeeni hauji hivi, na hauji kwa wiki tano. Kuna ugonjwa mmoja unaobisha hodi kwa mtindo huu, na una dawa. Sijasema ndio huo. Lakini naufuata kuanzia sasa hivi."

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua: 9 (Redio anasoma kila asubuhi kabla ya kuja, nimemfundisha kwa simu). Mkono: 35.

Vipimo vimefanyika. Chumvi kwenye damu imeshuka. Picha ya ubongo inaonyesha sehemu ya ndani, inayotunza kumbukumbu, imevimba kidogo. Wametoa maji ya uti wa mgongo, hakuna vijidudu. Damu imepelekwa maabara ya mbali kutafutwa kingamwili, na majibu ni wiki tatu.

Daktari alitukalisha, mimi na Redio, akaeleza. Naandika nilivyoelewa, maana nikiweza kuliandika jambo huwa nimelishika.

Kinga ya mwili ni seli nyingi zisizoonana, na huwasiliana kwa molekuli ndogo ziitwazo saitokini. Seli moja ikihisi hatari humwaga saitokini, nyingine huzipokea na kuamka: njooni, ongezekeni, tengenezeni kingamwili, zile protini za kumshika adui. "Mzee, ukiwa na mafua ukajisikia mzito, hutaki kula, hutaki kuongea na mtu, si kirusi peke yake kinachokufanya hivyo. Saitokini zimepeleka habari kichwani." Kumbe miaka yote nilipojilaza na homa, nilikuwa nazisikia bila kuzijua.

Ubongo umewekewa uzio; mishipa yake ya damu imebanana kuliko ya mahali pengine. Saitokini zikizidi, uzio hulegea. Halafu seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo zenyewe huamka na kumwaga saitokini zao, na mahali pakavimba kama kidole kilichochomwa na mwiba. Kwa Fundi, daktari anashuku kwamba kingamwili zimekosea adui: zimeishika protini halali ya ubongo, pale seli zinapopokezana habari, na saitokini zinaendelea kuchochea moto usio na sababu.

"Kwa hiyo hizo saitokini ni mbaya?" Redio akauliza.

"Bila hizo ungekufa kwa kidonda cha kidole," daktari akasema. "Ubaya ni zisiponyamaza."

Nikamuuliza kama tungoje majibu ya damu. Akasema hapana. Kesho anaanza dawa ya kuzinyamazisha, kwa mshipa, siku tano. Kila wiki ya uvimbe inaharibu kitu ambacho huenda kisirudi.

Nilihesabu wiki zangu tatu. Sikumwambia, lakini nadhani aliona.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua: 2. Mkono: 34. Dawa imeanza.

Jumatano, 17 Aprili
Mvua: 15. Mkono: 29.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua: 15. Mkono: 17.

Fundi amekaa kitandani. Hajui tuko hospitali gani, lakini leo alitaka kujua ana nini. Nikamweleza kwa njia ya shule. Kengele ya shule, nilimwambia, si mwalimu wala si mwanafunzi, ni ishara tu. Ikilia, watoto wote wanatoka. Lakini siku moja kengele yetu ya umeme ilikwama, ikalia saa nzima. Watoto walitoka, wakarudi, wakatoka tena, wakavunja madirisha mawili. Hakuna mtoto aliyekuwa mtundu siku ile. Walikuwa wanatii.

Akafikiri. "Kwa hiyo kichwani kwangu wanafunzi wako uwanjani?"

"Tangu Machi."

"Ndiyo maana kuna kelele." Akafumba macho. "Na wewe uko wapi?"

"Nimeshika waya. Naitafuta sehemu ya kuukata."

"Usikate wa taa," akasema.

Huo ni mzaha, na ni wake mwenyewe. Nilitoka kwenye korido, Redio akanipa kitambaa.

Ijumaa, 19 Aprili
Mvua: 0. Mkono: 9.

Jumapili, 21 Aprili
Mvua: 5. Mkono: 3. Kwa dawa hii hana usingizi, ana njaa ya watu wawili, na sukari imepanda. Wanaipima kila mlo. Ameniita Mwalimu.

Jumatano, 24 Aprili
Mvua: 8. Mkono: 0.

Nimehesabu tangu alfajiri hadi giza. Sifuri. Nimewaambia wanafunzi mara ngapi kwamba sifuri ni tarakimu kama nyingine? Niliwadanganya.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua: 12. Mkono: 0. Tumerudi nyumbani na vidonge. Binti yetu amekuja. Alisoma daftari hili jikoni, amesimama. Kisha akanirudishia, akasema, "Baba, ulikuwa sahihi. Lakini ungeniambia idadi." Kweli. Nilimpa swali nikamnyima data.

Alhamisi, 2 Mei
Mvua: 3. Mkono: 0. Redio na Fundi wamegombana kuhusu kola. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Jumanne, 7 Mei
Mvua: 1. Mkono: 0.

Majibu yamefika. Kingamwili zimepatikana, ni ugonjwa ule ule aliousema daktari. Nilimuuliza kama sasa amepona. Hakunipaka mafuta. Alisema dawa itapunguzwa polepole kwa miezi, ugonjwa unaweza kurudi, na kumbukumbu za miezi hii huenda zisirudi kabisa. Alisema pia nisitangaze mtaani kwamba kila mzee anayesahau ana ugonjwa huu, maana wengi hawana. Cha kuangalia ni mtu kubadilika ndani ya wiki au miezi michache. Huyo apelekwe haraka, na aende na historia yake.

Jumamosi, 18 Mei
Mvua: 0. Mkono: 0. Amekaa kwenye cherehani, hakushona. Alikanyaga miguu tu, kusikia mlio.

Jumatatu, 27 Mei
Mvua: 2. Mkono: 0. Amekata kola moja. Ilimchukua saa mbili. Imekaa sawa.

Jumamosi, 8 Juni
Mvua: 0, siku ya kumi mfululizo. Mkono: 0.

Mvua zimekatika, nimeng'oa kipimamvua. Fundi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa misumari. Akachukua kamba moja, ile aliyoiita uchafu, akafumba macho, akapitisha vidole. Fundo la kwanza. La pili. Akarudi la kwanza.

"Huyu ni yule mama mwenye bega moja limeshuka," akasema. "Hapendi kuambiwa. Huwa namwekea pamba kidogo."

Akachukua nyingine, hakuijua. Ya tatu akaijua. Ya nne hakuijua. Zile asizozijua akazitundika upande wa kushoto, bila kulalamika, kama mtu anayepanga kazi ya kesho. "Hawa nitawaita niwapime upya," akasema.

Kisha akaketi. "Mwalimu, mimi tangu Machi sina kitu. Ni kama kitambaa kilichokatwa katikati. Nisomee."

Nikaanza. Mvua milimita tatu. Mende, akacheka. Konyezo. Nilipofika tarehe 13 Machi, mikono miwili ya kushoto na maneno niliyomwambia mbele ya mteja, macho yangu yakaruka hadi tarehe 18.

"Umeruka," akasema.

"Umejuaje?"

"Umevuta pumzi kabla. Soma yote."

Nikasoma. Nikasoma na ya zahanati, midomo na kidole juu ya goti. Alizungusha kamba mkononi.

"Sikumbuki," akasema. "Kwa hiyo siwezi kukununia, na hilo linaniudhi." Akanipiga begani kwa ile kamba. "Ila ulimpa daktari daftari. Ungempa maneno matupu, ungesema 'hushtuka kidogo'."

Ndivyo. Kilichomwonyesha njia daktari hakikuwa ile siku kubwa ya tarehe 12. Ilikuwa mistari mifupi, siku ambazo nilidhani hakuna kilichotokea.

Kurasa zilizobaki ni chache, na daftari hili sasa litapita kwa mikono mingine. Redio ameshaliomba kwa ajili ya jirani ambaye mumewe ameanza kukitafuta choo nyumbani kwake mwenyewe, tangu mwezi jana. Basi kwako utakayelisoma: usimjibie, na usingoje jambo kubwa. Chukua daftari, andika tarehe ya leo, na chini yake andika ulichokiona.